Punguza Sauti, Kuna Wagonjwa

Leo nimeaibika Kolandoto kwa kujifanya najua adabu za simu.

Tumekaa benchi la kusubiri dawa hospitalini, kimya. Mama mmoja pembeni yangu kaweka laudi spika, anasalimiana na mwanawe kwa Kisukuma. Wameulizana mpaka hali ya ng'ombe, mmoja mmoja.

Nikavumilia. Nikashindwa.

"Shikamoo mama. Samahani, punguza sauti, kuna wagonjwa."

"Marahaba. Kumbe hujamsalimia!" Akanipa simu. "Msalimie mdogo wako, yuko Mwakitolyo, ndiyo kwanza katoka shimoni."

Jamani. Mdogo wangu Kulwa naye anachimba dhahabu huko huko. Huu mwezi wa nne hajapiga simu.

"Shikamoo dada," kijana akasema.

Sijui nilipatwa na nini.

"Umekula? Unalala wapi? Kile kifua kimepona? Mbona hupigi?"

"Nimekula, dada. Nitapiga."

Nikaguswa bega. Yule mama.

"Binti, punguza sauti. Kuna wagonjwa."

Benchi zima likacheka. Nami nikacheka, huku nafuta macho. Mwenye ndugu machimboni atanielewa.

Kulwa, ukiona hii, piga. Hata nikiwa katikati ya misa nitapokea, na laudi spika nitaweka.