Bibi Alinituma Sinema

Babu alipofariki, huko Koboko, mwanzoni mwa miaka ya tisini, bibi alikaa eda kama inavyotakiwa: miezi minne na siku kumi ndani ya ua, kitambaa cheupe kichwani, bila hina, bila mafuta ya kunukia, bila kuvuka mlango ila kwa dharura. Wajane wengine wa mtaa wetu walikaa eda wakiomboleza. Bibi aliomboleza wiki sita hivi, kisha akaanza uchunguzi.

Uchunguzi huo ulihusu mambo mawili ambayo babu alikuwa amemwapia. La kwanza ni kwamba hakuwa na mke mwingine Jinja, alikokaa miaka mingi katika kambi ya jeshi, akiwa askari, kabla ya vita vya sabini na tisa kutukimbiza sote Sudani. La pili ni kwamba yule mwanamume wa kwenye sinema alirudi.

La Jinja halikuwa na njia ya kuthibitishwa. Tuliporudi kutoka Sudani, babu alisafiri mara tatu kwenda Jinja kufuatilia pensheni. Pensheni haikupatikana, lakini kila mara alirudi amenyolewa vizuri.

La sinema linahitaji maelezo. Zamani, mama yangu akiwa bado ananyonya, babu alikuja likizo akampeleka bibi Arua kutazama filamu ya Kihindi katika ukumbi uliojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi wa mjini. Ilikuwa hadithi ya mwanamke aliyechota maji kisimani kila siku huku akimngoja mumewe aliyekwenda vitani. Filamu ikikaribia kwisha, mama yangu akaanza kulia. Watazamaji wa Arua waliweza kuvumilia joto, kunguni na mkanda unaokatika, lakini si mtoto.

"Mama, zima redio yako!"

"Toa huyo nje, ama mpe sigara!"

Bibi akatoka na mtoto wake, akasimama nje akiegemea ukuta. Kupitia ukuta alisikia mvua, halafu kengele, halafu watu wakinyamaza. Watu wakatoka. Babu alitoka miongoni mwa wa mwisho, vidole vyake viking'aa kwa mafuta ya nyama, akamsimulia mwisho: mwanamume alirudi katika mvua, amepanda farasi mweupe mwenye kengele shingoni, akamkuta mkewe palepale kisimani.

Bibi aliisikiliza hadithi huku akitazama vidole. Tangu siku ile aliamini kwamba babu alitorokea mlango wa nyuma, akala nyama, na farasi akamtunga njiani akirudi.

"Sasa kama alidanganya farasi," aliniambia, "Jinja pia alidanganya."

Nilikuwa na miaka kumi na minane, nafundisha darasa la tatu na kuishi naye. Nilimwambia kwa upole kwamba babu amekwisha kufa, na kwamba mke wa Jinja, awepo asiwepo, hawezi tena kumdhuru.

"Wewe mwalimu, fikiri," alisema. "Kama iko, leo yeye iko nasuka nywele. Iko napaka mafuta. Anapika, anaweka chakula ya bwana pembeni, anafunika na sahani. Na bwana iko chini ya udongo. Hakuna mutu alimwambia. Eda yake inapita bure, na mimi nakaa hapa kama mimi peke yangu ndio mjane. Ile dhambi itaandikwa kwa nani?"

"Basi tuandike barua Jinja tuulize."

"Na kama haiko? Askari wote wasome, wacheke: mwanamke wa Koboko anatafuta mke mwenza! Hapana. Kwanza nijue."

Hapo ndipo jirani alipokuja na kilo ya sukari ya rambirambi, na katikati ya kutoa pole akasema kwamba Arua ule ukumbi wa zamani umefunguliwa tena, na kila Jumamosi mchana wanaonyesha filamu za zamani. Wiki ile walikuwa wanaleta ile ya mwanamke wa kisimani. Bibi alimshukuru kwa sukari.

Jioni hiyo alinituma kwa shehe nikaulize kama mjane anaweza kwenda sinema akiwa katika eda, ikiwa haendi kustarehe bali kutafuta ushahidi. Shehe alifikiri kwa muda mrefu. Alijibu kwamba vitabu havikutaja sinema, lakini vimetaja mlango.

"Basi utakwenda wewe," bibi alisema. "Usiangalie nguo zao. Usiangalie nyimbo. Angalia mwisho. Na andika, sababu wewe mutu wa kusahau."

Nilikwenda na daftari la shule na kalamu ya wino wa buluu.

Nilikuwa nimeupita ukumbi ule mara nyingi bila kujua ni nini. Wakati wa vita uliporwa, kisha ukawa ghala la tumbaku, na harufu ya tumbaku haikuwa na mpango wa kuhama. Viti vilikuwa vimeng'olewa mbao zikawa kuni. Ilibaki miguu ya chuma tu, imepandwa sakafuni kwa mistari kama shamba ambalo halikuota. Watu walikaa juu ya mikeka, madumu na vigoda walivyokuja navyo. Roshani, ambako wakubwa walikaa enzi zile, ilikuwa mali ya popo. Pazia la kuonyeshea lilikuwa na tundu moja la risasi, upande wa kushoto, limeshonwa kwa uzi mweusi. Mabati nayo yalikuwa na matundu yao, na kupitia hayo jua la mchana liliingia kwa nyuzi nyembamba, zikasimama kati yetu, vumbi la tumbaku likipanda na kushuka ndani yake. Nilifikiri sijawahi kuona jengo bovu namna ile, na kwamba ningeweza kukaa humo siku zote.

Kisha jenereta likanguruma nje, na uso wa mwanamke wa kisimani ukatokea.

Sikuwa nimeambiwa kuhusu ukubwa. Nilikuwa nimeona filamu kwenye televisheni ndogo ya kibanda cha video, ambako watu ni wadogo kuliko wewe na unaweza kuwaonea huruma. Huyu mwanamke alikuwa na jicho kubwa kama mlango wa nyumba yetu. Alipolia, chozi lilichukua muda kufika kidevuni, na njiani lilipita juu ya lile tundu lililoshonwa. Ukumbi mzima ulilisindikiza.

"Pole, dada!" mtu akapiga kelele.

"Mwache, huyo analia tangu baba yangu akiwa kijana!"

Nilifungua daftari nikaanza kuandika. Mzee aliyekaa juu ya dumu jirani yangu alinitazama, akatazama daftari, akasogeza dumu lake.

"Dada, wewe mutu wa kodi?"

"Hapana, mzee. Natazama sinema."

"Sinema haiandikwi."

"Nimetumwa."

Hilo ndilo kosa nililofanya. Neno likapita mkeka kwa mkeka kwamba kuna msichana katumwa, na haijulikani na nani. Watu wawili waliokuwa wanavuta kitu kisicho tumbaku walizima. Mwenye ukumbi alikuja mwenyewe kuniuliza kama ninaona vizuri. Na mkanda wa kwanza ulipokwisha, wakati fundi anafunga wa pili, muuza mishikaki aliyekuwa anapita katikati ya watu na sinia kichwani aliinama mbele yangu, akanipa mshikaki mnono.

"Bure kabisa, afande."

Niliula. Nilifuta vidole kwenye jalada la daftari, na nilipoona alama ya mafuta, nikakumbuka vidole vya babu. Nikaandika: *Nyama inauzwa ndani.* Nikapiga mstari chini yake. Nilijihisi wakili.

Sitasimulia filamu yote. Mwanamke anachota maji. Mfanyabiashara mnene anamtaka. Mama mkwe anamsema. Miaka inapita katika wimbo mmoja. Kisha ndoo inamponyoka, inaanguka kisimani, na bibi alikuwa ameniambia kwamba hapo ndipo mama yangu alipoanza kulia mgongoni mwake. Niliacha kuandika. Ukumbi wote ulikuwa kimya, na mimi nilikuwa naingia mahali ambapo bibi hakuwahi kufika.

Mvua ikaanza kunyesha kwenye pazia. Kengele ikasikika kwa mbali. Mwanamke akainua uso ule mkubwa, na mwishoni mwa njia, mweupe katika mvua, akatokea farasi.

Alikuja polepole. Alikuwa na tandiko mgongoni, na juu ya tandiko hapakuwa na mtu. Alikwenda moja kwa moja hadi kisimani, akasimama. Mwanamke hakupiga kelele. Alinyoosha mkono akaishika ile kengele isilie tena, na filamu ikaisha katika ule ukimya.

Hakuna aliyeinuka. Yule mzee wa dumu alikuwa anajifuta macho kwa ukosi wa shati.

"Andika hiyo," aliniambia. "Andika, upeleke kwa hao waliokutuma."

Nililala kwa shangazi Arua, na asubuhi nikapanda pikapu ya kurudi Koboko. Njia nzima nilimpandisha mtu juu ya yule farasi na kumshusha. Bibi hakujua kusoma. Daftari langu halingeweza kunisaliti. Ningemwambia tu kwamba mwanamume alirudi, na babu angekuwa mkweli, na Jinja pangekuwa mji wenye kambi na kiwanda cha sukari karibu yake, basi. Nilipofika Maracha nilikuwa nimekwisha kumvalisha huyo mwanamume koti la jeshi.

Bibi alikuwa kwenye mkeka wake, amekaa wima kama hakimu. Hakuniuliza habari za safari.

"Anza pahali ndoo inaanguka."

"Ndoo imeanguka. Mvua ikaanza."

"Mvua nilisikia. Kwanza, nyama wanauza wapi?"

"Ndani, bibi. Muuzaji anapita na sinia katikati ya watu. Hata mimi nimekula."

Alifumba macho. "Ndani."

"Ndani."

"Basi mzee alikuwa ndani."

"Mpaka mwisho!" nikasema, na nikasikia furaha katika sauti yangu mwenyewe. "Hakutoroka. Mvua iko, kengele iko shingoni, farasi ni mweupe kweli. Aliona kila kitu, bibi. Umemwonea bure miaka yote hii."

Alitabasamu. Sikuwa nimemwona akitabasamu tangu mazishi. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi:

"Na mutu juu ya farasi, alikuwa amevaa nini?"

Koti la jeshi lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Lakini alikuwa analitazama daftari, si uso wangu, analitazama kwa heshima, kama mtu anayeamini kwamba kilichoandikwa hakiwezi kugeuka. Nikalifungua nikamsomea.

"*Farasi peke yake. Tandiko tupu.*"

"Tupu namna gani?"

"Hakuna mtu. Mwanamke anashika kengele, sinema inakwisha."

Kuku akaingia, akatazama hali ilivyo, akatoka.

"Labda babu alisahau," nilisema.

"Mutu anasahau rangi. Mutu anasahau wimbo. Farasi tupu, hasahau." Alirekebisha kitambaa chake cheupe. "Mimi nilifikiri yeye mwongo wa nyama. Mwongo wa nyama hana neno. Ameshiba, anasema tu. Lakini huyu aliona. Akatoka nje, akaniangalia mimi na mtoto mgongoni, akapandisha mutu juu. Huyu anajua kuficha kitu inayoumiza, na uso wake iko sawa kabisa. Jinja iko mutu."

Nilimweleza, kama msomi wa nyumba ile, kwamba huo si ushahidi. Nilimwambia kwamba mtu anaweza kumhurumia mkewe katika filamu bila kuwa na mke wa pili popote duniani. Nilitoa mifano. Bibi alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kama alivyomsikiliza jirani wa sukari.

"Umemaliza? Lete karatasi."

Nilichana karatasi katikati ya daftari. Alisema, nikaandika. Kwanza salamu. Kisha kwamba mzee amefariki kwa homa, kitandani, baada ya sala ya alfajiri, na hakuteseka sana. Kwamba avue dhahabu kama anayo. Asijipake mafuta. Hesabu ya eda inaanza siku aliyokufa mzee, si siku barua inapofika, kwa hiyo amebakiza mwezi mmoja na kidogo, na asimsikilize mtu atakayemwambia vingine. Kwamba chakula asiweke tena pembeni.

Niliuliza bahasha niandike jina gani, maana hatukuwa na jina, na hapo nilifikiri mambo yangeishia.

Bibi alitaja jina. Alitaja na jina la baba wa mwanamke huyo, na mstari wa nyumba kambini, na kwamba nyumba ni ya tatu ukitoka bombani.

Niliweka kalamu chini. "Bibi, ulijua tangu lini?"

"Jina? Jina nilijua zamani. Wake za askari wanaleta jina haraka sana. Ila kama ni kweli ama uongo, hiyo ndio walishindwa kuleta." Alinyooshea kidole karatasi. "Bado. Andika: akimaliza eda, aje."

"Aje hapa?"

"Kaburi iko hapa."

Nikaandika. Wino wote ulikuwa umeishia kwenye sinema, na neno la mwisho lilitoka hafifu, karibu halionekani. Bibi alichukua karatasi, akaiinua kwenye mwanga wa mlango ambao hakuruhusiwa kuuvuka, akaitazama mstari kwa mstari kama anayesoma. Kisha akanirudishia, kidole chake kikiwa palepale pa mwisho.

"Hii moja imefifia," alisema. "Pita juu yake tena."