Niliagiza Mzee Aambiwe Ile Gari Nyekundu Imeuzwa

Kosa ni langu. Si la shetani, si la muuza magari, na si la wifi yangu, ambaye kwa kawaida namlaumu kwa kila kitu hadi ukame. Ni mimi, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mwenye akili timamu na duka la kushona sare za shule hapa Thika. Nimekaa na hii kitu kifuani karibu mwaka mzima. Leo wacha niitoe, maana nyinyi hamnijui, na tukikutana sokoni mtanisalimia vizuri tu.

Mume wangu, tumwite Baba Shiro, ameendesha lori miaka ishirini na tisa. Mananasi, saruji, chakula cha kuku, amebeba yote. Amekalia kiti cha lori kuliko alivyokalia kochi letu. Na kitu kimoja tu alichotaka maishani, ukitoa mimi na watoto, ni gari ndogo ya spoti. Si ya kubeba mbolea kupeleka shambani Ngoliba. Si ya kupeleka mtu harusini. Ya kuendesha tu, asikie raha.

Tuliweka akiba pamoja tangu watoto wamalize shule. Alipostaafu tukasema haya, wakati umefika.

Halafu macho yakaanza. Daktari akasema ni presha ya macho, inaua mshipa polepole, na dawa itachelewesha lakini haitarudisha kilichoenda.

"Kwa sasa endesha, lakini mchana tu," alimwambia. "Nikuone kila miezi mitatu. Siku nikisema acha, unaacha."

Mimi ndiye niliyeuliza ni muda gani. Akasema labda mwaka, labda miwili. Baba Shiro akashukuru kama mtu aliyeongezewa mshahara. Tukiwa njiani akaniambia, "Basi hiyo gari tuinunue mapema."

Tukaenda yadi moja ya magari pale Ruiru, kando ya Thika Road. Zilikuwa mbili za bei karibu sawa.

Ya kwanza nyekundu. Viti viwili, paa la turubai, gia ya mkono. Ilikuwa na umri wake, kiti cha dereva kimepasuka ubavuni, na iko chini hivi kwamba unaingia kama mtu anayeketi kwenye beseni. Ya pili buluu. Mpya zaidi, milango minne, viti vya ngozi, skrini kama televisheni, turbo, na gia inajibadilisha yenyewe wewe ukifikiria mambo yako.

Alijaribu nyekundu kwanza, mimi nikiwa kando yake. Alienda nayo hadi Juja na kurudi. Kila kona alishusha gia, injini ikanguruma, akaipandisha tena, na mguu wake kwenye klachi ulikuwa mwepesi kama wa kijana. Halafu akacheka. Mtu wangu si wa kucheka. Huyo hutabasamu Krismasi na akimaliza kulipa karo.

"Mama Shiro, hii gari inaongea," akasema. "Unaisikia na mgongo."

Mimi nilisikia mgongo tu.

Kisha akajaribu buluu. Ilikuwa na mbio kuliko ile nyingine, hilo hakukataa. Akaiegesha, akatoka, akazunguka mara moja. "Ni gari nzuri. Lakini inaendeshwa na nani? Mimi ni abiria tu ameshikishwa usukani."

Hapo ndipo mimi, ambaye hadi wiki hiyo nilitambua magari kwa rangi, niligeuka profesa. Siku tano nilihutubia nyumba nzima. Nyekundu itakula spea. Nyekundu haitapita matuta ya mtaa wetu. Buluu haipotezi thamani. Ukiuza buluu kesho unarudisha pesa yako karibu yote. Nilikuwa nimesoma kwa simu hadi nikajua maneno ambayo hata sasa sijui maana yake.

"Matuta nitapita polepole," alinijibu. "Nimeyapita na tani kumi, itanishinda hii?"

"Na thamani je?"

"Thamani ya nini? Kwani nani anauza?"

Jibu nilikuwa nalo, na ni aibu kuliandika hata hapa ambapo sina jina.

Ukweli ni kwamba gia ya mkono sijui. Nilijifunzia gari inayojibadilisha, na hiyo ndiyo naweza. Nilijua siku macho yake yakiisha, ile nyekundu itakaa kwa uwanja ikinyewa na kuku. Lakini buluu itakuwa yangu. Nilishajiona nikishuka kanisani nayo, mkoba mkononi, nikifunga mlango taratibu ili kila mtu aone ni nani ameshuka. Thamani niliyokuwa nahubiri ni hiyo. Mume wangu alikuwa anatafuta mwaka mmoja wa furaha, na mimi nilikuwa narithi mtu ambaye bado yuko hai, ameketi mbele yangu akinywa chai.

Alisema Jumatatu ataenda kulipia nyekundu. Jumapili baada ya ibada nikampigia muuzaji.

"Mwambie mzee ile nyekundu imeuzwa."

"Lakini mama, mzee aliipenda sana."

"Mwambie imeuzwa. Tunakuja kuchukua buluu wiki hii."

Alikubali haraka. Na mimi nikapika chapati siku hiyo, kwa sababu mimi ni mke mwema.

Baba Shiro alipata habari Jumatatu asubuhi. Aliweka simu mezani, akaiangalia. "Aliyeichukua ana macho," akasema. Basi. Hakulalamika. Tarehe tatu mwezi wa sita tukaleta buluu nyumbani.

Aliiosha. Aliipeleka kanisani na shambani. Aliniendesha kwa adabu zote, kama dereva wa mbunge. Lakini hakuna siku hata moja aliyochukua funguo bila sababu, akaniambia twende tu. Mimi sikuona. Nilikuwa na shughuli ya kupokea pongezi. "Mama Shiro, mmeomoka, sasa nyinyi ni matajiri," wanawake wa chama waliniambia, na mimi nikajifanya sitaki sifa.

Mwezi wa kwanza mwaka huu tukapeleka buluu kubadilishwa tairi hapa Thika. Na pale kwa fundi, ikiwa imeinuliwa kwa jeki, tukakuta ile nyekundu.

Baba Shiro aliijua kwa kile kiti kilichopasuka. Mwenye gari alikuwa mwalimu wa chuo, dada mmoja Mwislamu anayeishi Kahawa Sukari. Tumwite Zainabu. Wakaanza kuongea kama watu waliosoma pamoja. Gia ya pili inagoma ikiwa baridi? Kidogo. Paa linavuja? Upande wa kushoto tu.

"Na uliinunua lini?" akamuuliza.

"Agosti, tukifunga muhula. Ilikuwa imekaa pale yadi hadi ikashika vumbi. Muuzaji ndiye alinibembeleza."

Mimi nilikuwa nimesimama hapo na soda mkononi.

Tulipofika nyumbani alikaa, akavua miwani.

"Ni wewe ulimwambia?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Ningeweza kusema spea. Ningeweza kusema matuta. "Kwa sababu hiyo buluu naweza kuiendesha," nikasema.

"Yaani ulikuwa unangoja niishe."

"Si wewe. Macho."

"Na macho ni ya nani?"

Mimi ndiye nilikuwa namtia dawa ya macho, asubuhi na jioni, tangu mwanzo. Jioni hiyo nilipochukua chupa, alinyoosha mkono akaipokea. Tangu siku hiyo anajitilia mwenyewe. Nusu ya matone yanamwagika mashavuni, na mimi nimekaa pale naangalia.

Mwezi wa pili daktari akasema acha. Baba Shiro alinipa funguo hapo hapo nje ya kliniki. "Shika. Umengoja sana." Nilimwendesha hadi nyumbani kwa buluu yangu, viti vya ngozi, skrini kubwa. Hongera kwangu.

Nilimtafuta Zainabu kupitia kwa yule fundi, nikamweleza yote bila kujipaka mafuta. Nikamwomba aniuzie ile gari, hata kama itakaa tu. Alikataa.

"Siuzi, mama. Lakini mlete Jumamosi asubuhi."

Baba Shiro alikubali kuja, na si kwa ajili yangu. Nilisimama kwa geti la Zainabu nikiwaona. Zainabu kwa usukani, yeye kiti cha abiria. Nikasikia dada akimwambia, "Mzee, mimi nitakanyaga klachi. Gia ni zako." Baba Shiro akaweka mkono wa kulia kwa gia, mkono ambao haujawahi kufanya hiyo kazi maisha yake yote. Gari iliruka mara mbili kama mbuzi, kisha ikashika. Walipokunja kona nilisikia injini ikishuka gia, safi kabisa.

Walirudi baada ya karibu saa nzima, na kicheko chake kilifika kabla ya gari. Alimshukuru Zainabu kwa mikono miwili. Akanipita, akapapasa mlango wa nyuma wa buluu, akafungua, akakaa huko na kufunga mkanda. Kiti cha mbele kando yangu kilibaki kitupu. Hadi leo hukaa nyuma.

Sasa wewe unayesoma hii, labda uko na mtu wako mnachagua gari, na una orodha ndefu ya spea na thamani na matuta. Jiulize ni nani atabaki na funguo kwenye hesabu zako. Na kama tayari ulishapiga simu kwa yadi, piga tena leo, mwambie muuzaji aufute ule uongo. Mwambie mzee anakuja kuichukua, na anakuja akiendesha.