Kofia ya Chuma Isiyo na Chuma

Kazi yake ilikuwa kusoma mita za maji nyumba kwa nyumba, na kwa kazi hiyo alijulikana vizuri na mbwa wa mitaa yote. Watu walimjua kwa jina jingine. Walimwita Karatasi, na jina hilo alijitafutia mwenyewe, kwa mikono yake miwili na gundi ya unga wa ngano.

Katika kikundi cha maigizo cha mtaa wao hakujaliwa kuigiza. Walipomjaribu kuwa askari wa mlangoni, mwenye sentensi moja tu, aliisahau hiyo hiyo moja. Basi akajipa cheo cha fundi wa vifaa. Mapanga, ngao, mataji, vyote alivichora kwenye karatasi ya manila, akavikata kwa wembe, akavikunja na kuvibandika. Kwa kukunja alikuwa hodari kweli, naye alijua kwamba ni hodari, na hapo ndipo matatizo yake yalipokuwa yanaanzia.

Mwaka uliopita walicheza igizo la jemadari mwanamke anayewaaga askari wake kabla ya vita vya mwisho. Jemadari alikuwa dada yake mdogo, msusi mwenye saluni ya viti viwili na sauti ya kutosha ukumbi mzima bila kipaza sauti. Karatasi alimtengenezea kofia ya chuma ambayo ungeapa imetoka kwa mhunzi, mradi uitazame kwa mbali na iwe kavu. Mtu anayeshinda kutwa akisaka maji yanayovuja kwenye mabomba ya wenzake hakukumbuka kwamba binadamu naye huvuja. Taa zilikuwa kali, dada akalowa jasho, na katikati ya hotuba kofia ikaanza kulegea. Paji la kofia, ile sehemu yake ya mbele, likashuka polepole mpaka puani. Jemadari akawa anawaaga askari asiowaona, huku ukumbi ukivunjika mbavu. Mwishowe aliivua, akaitupa kando, akamaliza hotuba kichwa wazi na kupigiwa makofi ya nguvu.

Karatasi, aliyekuwa nyuma ya ukumbi akiongoza taa, alitamani ardhi ipasuke immeze. Alipozunguka nyuma ya jukwaa alimkuta dada yake anafuta rangi ya fedha iliyomchuruzika usoni, na machozi yakichuruzika pamoja nayo.

"Usijali, Kaka," alimwambia. "Ni joto tu."

Karatasi alikuja tayari kutukanwa. Angetukanwa, angelala usingizi.

Mwaka huu igizo likarudiwa. Mwenyekiti wa kikundi, mwalimu wa udereva aliyezoea kukanyaga breki kwa niaba ya wengine, alisema kofia ikakodishwe dukani, ya plastiki. Wote wakakubali. Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Karatasi mwenyewe. Aliyekataa alikuwa dada yake.

"Nitavaa ya kaka yangu," alisema. "Hamtaki, mtafuteni jemadari mwingine."

Karatasi alirudi nyumbani akipiga hesabu. Wangekodisha ya plastiki, aibu ingekuwa yake peke yake, na hiyo alishaizoea. Sasa akiharibu tena, atakayeaibika mbele ya watu ni yule aliyemtetea.

Alimpima dada kichwa kwa uzi, akafunga fundo, akaongeza upana wa kidole kwa ajili ya nywele, akautia uzi mfukoni. Kisha akaiteka meza ya kulia. Mke wake, mshonaji, akawa anakula sahani ikiwa mapajani. Kofia ilipokamilika kukunjwa ilikuwa nzuri mno, kingo zimenyooka, pembe zimekaa sawa. Ilibaki kuiimarisha. Kwa nje hakutaka kugusa, maana kingo zingefutika na yeye alizipenda kingo zake. Akaiimarisha kwa ndani.

Alianza na vipande vya gazeti na gundi ya mbao. Vikakauka. Akaongeza chandarua kikuukuu, kilichokatwa vipande na kulowekwa gundi. Kikakauka. Kila alipotoka kazini aliigonga kofia kwa kidole, na kila alipoigonga alisikia kile kicheko cha mwaka jana, basi akaongeza tabaka jingine. Halafu vanishi, halafu vanishi juu ya vanishi. Akaimwagia maji. Akaiangusha kutoka dirishani. Akaikalia akinywa chai.

"Baba watoto," mke wake alisema hatimaye, "umeshamvalisha mtu hiyo kitu?"

"Bado inakauka."

"Nauliza tu. Mimi nikishona gauni huwa nakumbuka kuna mtu ataingia ndani yake."

Alimjibu kwamba karatasi si kitambaa, akamweleza habari za unyevu mpaka mwanamke wa watu akaenda kufua.

Siku moja kabla ya onyesho aliipeleka ukumbini, akiibeba kwa mikono miwili kama keki. Mwenyekiti akaigonga. Akaipiga teke, akashika mguu wake. Akapanda juu yake na viatu. Kofia haikubonyea, na watu wakapiga makofi. Karatasi akainamisha kichwa kwa unyenyekevu aliokuwa ameufanyia mazoezi kwenye kioo.

Kisha dada akaivaa. Ikakaa utosini na kugoma hapo hapo.

Akaisukuma. Ikagoma. Ndipo Karatasi alipoukumbuka uzi. Ulikuwa mfukoni siku zote hizo. Tangu aanze kuongeza matabaka hakuwahi kuutoa tena. Mtu mwenye akili angesema nimekosea. Yeye alisema, "Ni nywele zako."

"Nywele zangu hazijabadilika, Kaka."

"Kofia haina tatizo. Tazama."

Akaichukua na kuivaa yeye, na kwa kuwa watu walikuwa wanatazama, akaisukuma kwa viganja vyote viwili. Vanishi iliteleza vizuri kuliko alivyotarajia. Masikio yakajikunja, paji likamfunika macho, na kofia ikatulia. Alipojaribu kuivua, ilikuwa imeshahamia.

Walijaribu sabuni. Walijaribu mafuta ya nywele. Wawili walimshika miguu na wawili wakavuta kofia, wakaacha alipolalamikia shingo. Mkasi ulipinda. Kisu cha jikoni kiliteleza. Mwenyekiti alikwenda kwenye gari lake la mafunzo akarudi na msumeno wa kukatia chuma, na hata katika hali ile, ndani ya giza lake, Karatasi alijisikia fahari kidogo kwamba wamelazimika kuleta msumeno wa chuma.

Dada aliwatoa nje wote waliokuwa wanacheka, na hivyo ukumbi ukabaki na watu wawili. Alipenyeza kitana kati ya kofia na sikio la kaka yake ili meno ya msumeno yasimguse, akaanza kukata taratibu.

"Usitikise kichwa."

"Hakitikisiki. Hiyo ndiyo shida."

Msumeno ukaendelea. "Kwani uliogopa nini, ukaifanya ngumu hivi?"

Kwa kuwa hakuona mtu, ilikuwa rahisi kusema. "Nilikuona unalia mwaka jana. Tangu siku ile nina aibu, hata kukuangalia siwezi vizuri."

Msumeno ukasimama.

"Mimi walinipigia makofi," dada alisema. "Wewe ndiye uliyebaki na jina. Nililia kwa sababu walikuwa wanakucheka wewe."

Karatasi alishukuru kwamba macho yake yalikuwa yamefunikwa.

Kofia ilikatika juu ya masikio yote mawili mpaka utosini, ikatoka vipande viwili. Hakuna tabaka hata moja lililobanduka. Alikuwa anavitazama kama mtu aliyefiwa, lakini dada alikuwa ameshachukua msumari, ameupasha moto, anatoboa matundu kando ya mkato. Akavifunga vile vipande kwa mipira ya nywele, akafunika mshono kwa nyuzi nyeusi za kusukia. Alipoivaa, ikafunguka kidogo, ikamshika kichwa na kutulia.

"Inapumua," alisema.

Siku ya onyesho Karatasi alisimama nyuma ya ukumbi akiongoza taa, masikio yote mawili, yaliyochubuliwa na kofia, yamebandikwa plasta. Hotuba ilipofika hakutazama uso wa jemadari. Alitazama paji la kofia. Jasho lilimtiririka dada shingoni. Paji halikusogea. Askari waliagwa, mmoja mmoja, na ukumbi ulinyamaza kabisa.

Mwishoni, makofi yakiwa bado yanalia, dada aliivua kofia, akaibamiza sakafuni kwa nguvu, akaiokota ikiwa nzima na kuwaonyesha.

"Fundi wetu yule kule nyuma," alisema. "Geukeni mumwone."

Wakageuka. Wakamwona mtu mzima mwenye plasta kwenye masikio mekundu, kila moja limevimba upande wake, na kukawa na kimya kidogo cha watu wanaojizuia kwa adabu. Karatasi akageuza taa, akajimulika mwenyewe, kwanza sikio la kulia, kisha la kushoto. Wakacheka mpaka viti vikagongana. Yeye akamtafuta dada yake jukwaani kwa macho. Alikuwa anacheka pamoja nao, ameikumbatia kofia, na safari hii hapakuwa na kitu cha kufuta usoni.