Uji Unaochemka Mgongoni

Juzi nilishuka Kagongwa kumtembelea mdogo wangu. Kabla sijatua mfuko alinikumbatia, akanigeuza kidogo, akabandika sikio lake mgongoni mwangu, chini ya bega, akatulia. Majirani zake wamezoea kumwona akiwafanyia hivyo watu anaowapenda, na hucheka, wakisema kila mtu na salamu yake. Mimi sicheki. Husimama wima, nikakibana kikohozi changu, nikasubiri aniachie.

Ili unielewe, rafiki yangu, turudi upande wa Geita, kwenye machimbo tulikokulia. Baba alikuwa amefuata rashi, ndivyo wachimbaji wanavyopaita mahali dhahabu ilipotoka upya, na rashi ikammeza. Tulibaki na mama na bibi. Mama aliponda mawe. Wanaume wakishayatoa shimoni, wanawake waliyavunja kwa nyundo mpaka yakawa unga, ndipo yakaenda kuoshwa. Tangu asubuhi mtaa mzima ulikuwa unalia ko, ko, ko. Vumbi lilitua kwenye nyusi, kwenye sufuria, hata kwenye michembe, vile vipande vya viazi vitamu ambavyo bibi alivianika juu ya bati. Tulikula michembe ikisagika menoni kwa mchanga, na bado naitamani hadi leo.

Mimi nilikaa kando ya mama na nyundo yangu ndogo. Mdogo wangu, ambaye maneno yenyewe alikuwa ndiyo kwanza anayakusanya, alikaa mgongoni mwa mama, amefungwa kanga, analala humo humo nyundo ikipanda na kushuka. Nilimwonea wivu sana kwa ule mgongo.

Kiangazi kimoja akaukataa. Mama aliinama ambebe kwenda kisimani, yeye akarudi nyuma, mikono kifuani, kama mzee aliyesusa. Nilipomuuliza ana nini aliniambia, "Mgongo wa mama unachemka uji." Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tangu siku hiyo alitembea kwa vijiguu vyake, anajikwaa, anainuka, kamkebe kake ka maji mkononi, na mama akikaa kupumzika naye anakaa. Majirani walimsifu. "Amekua," walisema, na mama akaitikia kwa fahari kwamba ndiyo, amekua. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtoto anayependa mgongo aukimbie.

Sasa kwetu Usukumani salamu ina njia yake. Ukiulizwa "Mhola?", yaani ni salama, unajibu "Mhola duhu", salama tu, hata kama nyumba inaungua nyuma yako. Hata anayeleta habari ya msiba huanza na mhola, akaketi, ndipo aseme kilichomleta. Mama alikuwa bingwa wa jibu hilo. Alilitoa akiwa ameshika mwimo wa mlango, akalitoa akiwa amekonda mpaka kanga inamzunguka mara mbili.

Asubuhi moja jirani yetu, mwanamke mcheshi mwenye sauti ya sokoni, alisimama uani, akamwamkia mama kwa jina langu. "Mwangaluka, Mama Minza. Mhola?"

Mama akafungua mdomo, lakini mdogo wangu akamtangulia. "Si mhola," alisema. "Mama anachemka."

Jirani aliangua kicheko. Bibi alimfinya sikio mtoto, akamwambia mtoto hajibu salamu ya wakubwa, tena hamchulii mama yake ugonjwa. Mama akamalizia mwenyewe, taratibu, "Mhola duhu," akaingia ndani kukohoa. Na huyo bibi ndiye aliyekuwa akiwaambia wenzake kila mara kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Mdogo wangu hakulia. Alimfuata mama ndani, akampelekea mchembe mmoja alioulowanisha mwenyewe mdomoni ili uwe laini.

Mvua zilipokaribia mama alishindwa kuinua nyundo, ndipo tukampeleka zahanati. Daktari aliweka kile chombo chake cha kusikilizia chini ya bega. "Hapo hapo," mdogo wangu akamwambia. Daktari hakucheka. Alimuuliza bibi mbona tumechelewa hivi.

Mama alirudi nyumbani na vidonge, akawa analala kwenye mkeka chini ya upenu, ubavu mmoja, uso ukutani. Mdogo wangu aliurudia mgongo wake. Alilala nyuma ya mama, sikio limebandikwa, mkono kiunoni. Mchana mmoja bibi alikuwa anakoroga uji wa mtama jikoni nami napuliza kuni, mtoto akaja akasimama mlangoni. "Bibi," alisema, "wa mama umeacha kuchemka." Bibi alibaki na mwiko mkononi. Uji uliungua, na mpaka leo siwezi kuvumilia harufu ya uji ulioshika chini.

Pale tulipoishi pamezungushiwa uzio sasa. Mawe yanasagwa kwa mashine, ko ko ko haipo, upenu haupo, na bibi naye tulimzika zamani. Namkumbuka mama vipande vipande. Sura yake inanipotea, ila mgongo naujua.

Siku ya kuondoka Kagongwa nilimwinamia mtoto wa mdogo wangu nimbebe hadi stendi, maana anapenda mgongo wa mama mkubwa. Mdogo wangu akamshika mkono, akamvuta kwake.

"Mwache atembee, dada. Amekua."

Mtoto mwenyewe bado anavaa viatu kushoto kulia. Nilimtazama mdogo wangu, nikamuuliza kama tulivyofundishwa, "Mhola?"

"Si mhola, dada," akasema, akachukua mfuko wangu akaurudisha ndani.

Safari hii hapakuwa na mtu wa kumfinya.