Majani ya Chai Yaliyozuia Fomu ya Basari

Leo afisa wa teknolojia wa kaunti amesubiri tovuti yake mwenyewe ifunguke kwa dakika kumi na moja. Nilihesabu kwa saa yangu ya mkononi.

Tulikuwa kwenye saiba moja, duka la intaneti, hapa Kapsoit. Mama Chebet alitaka kumwombea bintiye basari, na mwisho wa kutuma fomu kwenye tovuti hiyo ulikuwa saa kumi na moja jioni.

Ukurasa uliganda.

Afisa, aliyekuja kupigwa picha akihudumia wananchi, hakuangalia hata skrini.

"Mama, hiyo ni netiweki ya hapa. Iko chini."

Si kweli. Mwenye saiba alituonyesha: mtandao ulikuwa sawa, tena karibu hautumiki; ni prosesa, ubongo wa kompyuta, iliyokuwa imelemewa kwa asilimia mia.

Nyuma ya fomu, kuna mtu aliweka picha ya majani ya chai yanayoanguka. Urembo. Kompyuta hizi kuukuu hazina kadi ya michoro, kwa hivyo prosesa huchora kila jani yenyewe, na fomu inabaki kungoja.

Afisa akaketi kuthibitisha kwamba mama ndiye hajui. Jani la kwanza likaanguka. Tukangoja la pili.

"Lakini si yanapendeza?" akauliza.

"Kijana wangu, majani nimechuma tangu asubuhi," Mama Chebet akamjibu. "Sikukuja kuyaangalia hapa."

Watu wakacheka. Afisa akapiga simu moja tu, majani yakaondolewa.

Fomu ya Mama Chebet imeingia saa kumi na dakika hamsini.

Wengine waliokuja asubuhi wakaambiwa vivyo hivyo kwamba ni netiweki walirudi nyumbani, na hakuna aliyewaita tena. Kama wewe ni mmoja wao, niandikie hapa chini.