Siku Tatu za Kunyamaza

Fundi huyu hakushona gauni wala suruali. Alishona sidiria za wanawake waliokatwa titi moja hospitalini: upande mmoja kitambaa kitupu, upande wa pili sponji aliyoichonga kwa mkasi mpaka ikakaa kama ya kuzaliwa nayo. Kioo cha chumba chake cha kazi alikigeuzia ukutani, maana wapo wateja wasiotaka kujiona. Akiwapima aliwatania, "Hili langu la sponji halitalala hata ukifika miaka tisini." Walikuja wameinamisha vichwa, wakaondoka wakicheka.

Walio mbali au wenye haya walimtumia vipimo kwa simu, pamoja na picha ya kifua ili aone kovu lilipopita. Kutwa nzima simu yake ilimiminiwa tarakimu. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi, mteja wa zamani alipomwandikia, "Mama Fundi, kuna tarakimu sita zimekuja kwako kimakosa, nirushie," hakujiuliza mara mbili. Alizirusha huku pini ziko mdomoni. Kumbe aliyeandika si mteja, ni mwizi aliyekwisha kuiteka akaunti ya mteja, na tarakimu zile ndizo ufunguo wa akaunti ya fundi. Kabla hajamaliza pindo, alikuwa amefungiwa nje, na mwizi yumo ndani, ameyashika mazungumzo yote ambayo fundi aliyahifadhi mtandaoni, picha zikiwemo.

Vitisho vilikuja kwa namba ngeni. Mtu alitaka pesa. "Ukimwambia yeyote, nazimwaga picha zote."

Hapo fundi wetu, mjanja wa kila jambo, akaishiwa ujanja. Binti yake alimsihi siku hiyo hiyo.

"Mama, waambie wateja. Halafu twende polisi."

"Niwaambie nini? Kwamba nimewavua nguo mbele ya watu?"

"Si wewe uliyewavua."

"Picha walinipa mimi."

Siku tatu alifunga mdomo. Alimtumia yule mtu alichokuwa nacho, akaongezewa vitisho. Alijiambia kwamba akinyamaza anawalinda. Alijidanganya, nami nasema hivyo bila kumwonea, kwa sababu aibu ikishamkaba mtu, woga wake huuona kuwa ni huruma.

Siku ya nne alijikaza kisabuni, akaenda kwa mwalimu mmoja, mteja wake tangu kidonda kikiwa kibichi. Alimkuta sebuleni anasahihisha madaftari. Mwalimu akamkaribisha kwa bashasha, akamvutia kiti. Fundi alieleza yote, macho sakafuni, kisha akasubiri matusi. Hayakuja.

"Ilikuwa lini?" mwalimu aliuliza.

"Jumatatu. Nisamehe, mwalimu. Niliogopa."

Mwalimu aliweka kalamu chini, akachukua simu yake.

"Jana uliniandikia unataka picha mpya, za kuanzia kiunoni hadi usoni. Nikakutumia."

Fundi aliinua macho kutoka sakafuni.

"Ukaniomba na namba ya mdogo wangu, yule aliyetoka hospitali wiki iliyopita. Alikuwa anasita. Nikamwambia asikuonee haya, wewe ni mama yetu." Mwalimu alimtazama machoni. "Ametuma leo asubuhi."