Mluzi wa Ermes Zanforlin

Ermes Zanforlin alikuwa anaua nguruwe toka alfajiri mpaka mchana, halafu jioni anakuja kutufundisha mpira. Kule machinjioni yeye alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Nguruwe anaingia kwenye kizimba cha chuma, Ermes anambana kichwa kwa koleo la umeme, nguruwe anaanguka, anakuja mwingine. Akifika uwanjani anakuwa ameshaoga, lakini harufu ya manyoya yaliyobabuliwa haikumtoka. Sisi tulishaizoea. Wageni tu ndio walishika pua, na wao kwa wiki moja.

Tulimwita Mista, kama makocha wote wanavyoitwa huku kwetu, awe profesa au muua nguruwe.

Ujanani alicheza namba tano, beki wa kati. Wazee wa baa ya uwanjani mpaka leo wanasimulia alivyomvunja ugoko mshambuliaji wa Pievalta, timu ya kijiji jirani, kwenye matope ya Novemba, na mlio wa mfupa ukasikika mpaka kwenye mashine ya kahawa. Wanasimulia wakicheka, ila Ermes akiwepo hawacheki. Baadaye, akiwa kocha, alimpiga refa ngumi moja ya mdomo. Refa mwenyewe alikuwa kijana wa chuo, mwembamba. Meno yake mawili yakabaki kwenye nyasi na Ermes akayaokota, akasimama nayo mkononi hajui ampe nani.

Shirikisho likamfungia. Mkewe aliondoka wakati huo, kwa sababu Ermes asiye na benchi alikuwa anakaa jikoni siku nzima ya Jumapili anaangalia ukuta. Alipoomba kurudi, walimrudisha kwa sharti moja. Akimpiga mtu tena, yeyote, hata kofi, hatakaa kwenye benchi mpaka anakufa. Kijiji kizima kilijua sharti hilo. Kuanzia hapo, mtu akimtukana, Ermes alitia mikono mfukoni. Ukimwona ametia mikono mfukoni wakati wa joto, ujue kuna mtu anamtafuta.

Na alitutengenezea zoezi ambalo sijaliona kwa timu nyingine. Kwenye ligi yetu ya vijana ngumi ni kitu cha kawaida, wazazi wanaanza kwenye uzio na watoto wanamalizia ndani. Kwa hiyo katikati ya mazoezi, bila kusema, Ermes alitia vidole viwili mdomoni akapiga mluzi. Ukiusikia unakaa chini hapo hapo ulipo, hata kama mpira uko mguuni na goli liko wazi. Atakayebaki amesimama anabeba magoli madogo ya chuma ya mazoezi mpaka kwenye banda la mferejini, peke yake. Mtu aliyekaa hawezi kupiga mtu, alisema, na refa hawezi kumwandika. Tulikuwa tunaanguka kama tumepigwa risasi. Mwaka mzima hakuna mchezaji wetu aliyefungiwa.

Sasa Mirco Bertazzo. Alikuwa namba tisa wetu, mrefu, mwenye kifua cha mtu mzima akiwa na miaka kumi na sita. Alifunga mabao mengi kuliko sisi wote tukijumlishwa. Baba yake, Loris, anapiga plasta majumbani, ana mikono kama majembe, na kila mechi alining'inia kwenye uzio akimtukana mtoto wake mwenyewe kuliko alivyowatukana wapinzani. Jumapili ambayo Mirco hakufunga, Jumanne yake baada ya mazoezi alivaa fulana bafuni kabla ya kujikausha. Sote tuliona mistari ya mkanda mgongoni. Hakuna aliyeuliza. Ermes haingii bafuni, ila alikuwa anaona fulana imelowa.

Mwezi wa Januari Ermes akamtoa Mirco mbele akampeleka nyuma, beki wa kati. Loris akaja mazoezini na vumbi jeupe la plasta bado kichwani, akaushika uzio kwa mikono miwili. Akasema mtoto wake anafunga kila wiki, sasa amefanywa mlinzi wa geti, na nani aliwahi kumlipia tiketi mlinzi wa geti.

Ermes alimjibu bila kupaza sauti. "Anafunga kwa sababu ni mkubwa, Loris. Mwakani wote watakuwa wakubwa. Ila mwangalie kabla mpira haujafika. Anageuza shingo, anaangalia nyuma, anajua nani yuko wapi. Hilo sikumfundisha mimi."

"Anaangalia nyuma kwa sababu mwoga."

"Labda," Ermes akasema. "Labda amezoea kitu kinachotokea nyuma yake."

Loris akamtemea mate kupitia matundu ya uzio. Yalimpata shavuni. Ermes aliyaacha yateremke mpaka kidevuni, mikono iko mfukoni, na mimi nikiwa golini niliona ngumi imejaa kwenye mfuko wa suruali. Loris alicheka. Alijua sharti, kama sisi sote. Akamwambia, toa basi hiyo mikono, mbona unaificha kama mtoto aliyeiba.

Halafu ikaja habari kwamba maskauti wawili, wasaka vipaji wa timu kubwa ya mjini, watakuja kumwona Mirco, Jumapili, nyumbani, dhidi ya Pievalta. Walikuwa wamesikia habari za mabao. Loris alipeleka ujumbe kwa kila mtu kwamba siku hiyo mwanawe anacheza namba tisa, la sivyo Ermes atamjua yeye ni nani. Mama Ivana wa baa, ambaye pia ndiye mwenyekiti wa timu, alimsihi Ermes amrudishe mbele kwa siku moja tu, kwa amani. Ermes alikuwa anakata soseji kavu za baada ya mechi, maana kwetu mechi ikiisha timu zote mbili zinakula pamoja, na kazi hiyo hakumwachia mtu. Mkate na soseji, na kwa Anas, beki wetu wa kulia asiyekula nguruwe, jibini kwa kisu kingine. Akamwambia Mama Ivana kwamba wakimwona mbele watamchukua, na baada ya mwaka watamrudisha amevunjika moyo, na Loris atamaliza kilichobaki. Akaendelea kukata.

Jumapili Mirco alivaa jezi namba tano.

Kulikuwa na ukungu mwembamba na ardhi ngumu. Pievalta wana washambuliaji wawili wenye mbio na hawana kingine, wanapiga mpira mrefu juu, wanakimbia. Walianza na viwiko. Dakika za mwanzo tu Anas alishachanwa nyusi, anacheza na damu jichoni na kitambaa kichwani. Refa alikuwa msichana wa miaka kama ishirini, anaitwa Giada, na uzio mzima ulishamtukana mama yake.

Kipa anasikia yanayosemwa nyuma ya goli. Maskauti walikuwa hapo, makoti meusi, mmoja mnene mmoja anavuta sigara. Mnene aliuliza namba tisa yuko wapi. Wa sigara akamwambia yule pale, wamemweka nyuma. Mpira mrefu ukaja, Mirco akageuza shingo, akarudi hatua kabla hata mpira haujapigwa, akaukata kwa kifua. Ukaja mwingine, vile vile. Wa tatu aliteleza akauondoa miguuni mwa mtu bila kumgusa mtu.

"Umeona shingo?" mnene akasema.

"Nimeona. Nani kamweka huku?"

"Yule muuaji wa nguruwe."

Kipindi cha pili mambo yakaharibika. Mirco aliruka kupiga kichwa, mpira ukamgonga begani, ukaingia kwetu. Kosa la kawaida, goli lake mwenyewe. Nilisikia sauti ya Loris kutoka upande wa pili wa uwanja kama chuma kinakatwa. Tulipoanza tena, mmoja wa Pievalta akabutua mpira ukapita juu ya uzio, ukaangukia mferejini. Mzee Gualtiero, anayechora mistari na kufua jezi zetu, akafungua geti dogo, akaenda na fimbo yake yenye wavu kuuopoa kama kawaida. Geti akaliacha wazi kama kawaida. Loris akapita hapo.

Hakukimbia. Alitembea kando ya mstari, akafika kwenye benchi, akampiga Ermes ngumi ya shingo kutoka nyuma. Ermes akapiga magoti. Loris akamwinua kwa kola, akampiga tena, safari hii pua, na nikasikia. Nilikuwa mbali lakini nilisikia.

"Nipige," Loris akamwambia. "Nipige mara moja tu, Ermes. Mbele ya refa."

Ermes alisimama. Damu ilikuwa imeshafika kwenye meno. Ni mtu ambaye angeweza kumlaza Loris kwa mkono mmoja, kila aliyekuwa pale alijua. Mikono yake ilikuwa nje ya mifuko. Niliona mkono wa kulia umekunjwa. Sisi tulikuwa tunakimbia kuelekea kwake, Pievalta nao wanakimbia, wengine waje kupigana, wengine waje kuangalia, na wazazi wameanza kupanda uzio. Msichana yule refa alipuliza filimbi yake akiwa peke yake katikati.

Ermes akaukunjua mkono. Akatia vidole viwili mdomoni, na damu yote ile, akapiga mluzi.

Tukakaa.

Nasema kweli, tulikaa chini wote, mwili ulikaa kabla ya akili. Anas na kitambaa chake. Mimi nusu ya njia. Pievalta wakasimama wakatushangaa. Ermes naye akakaa, kwenye nyasi, miguu ameinyoosha, mikono ameikalia, akimtazama Loris usoni. Nafikiri hicho ndicho kilichompandisha Loris wazimu. Mtu umempiga na umemwita, na yeye anakaa kama yuko kwenye pikiniki. Akamrushia teke la mbavu. Akamrushia la pili. Ermes akaegemea upande, hakutoa mikono. Loris akang'oa mti wa kibendera cha kona, akarudi nao, akampiga nao usoni. Mti ulikatika. Akampiga kwa kipande kilichobaki, na ncha ikaingia jichoni.

Sisi tumekaa. Tunaona na tumekaa. Alitufundisha vizuri mno.

Aliyesimama ni Mirco. Alikuwa mbali kuliko wengi wetu, karibu na goli langu. Alipita pembeni yangu bila kunitazama, na njiani aligeuza shingo mara moja, kuona nani yuko nyuma yake. Halafu akamwingia baba yake kwa bega, chini ya kwapa, kwa nguvu zote. Miguu ya Loris iliachana na ardhi. Aliangukia kwenye pembe ya benchi na mfupa wa bega ukavunjika, na huo mlio nao ulisikika vizuri, wazee wa baa wameshauongeza kwenye hadithi zao. Mirco akamkalia kifuani. Hakumpiga. Alimshika mikono yote miwili dhidi ya ardhi na kusema, "Basi, baba. Basi, baba," mpaka askari wakaja kumtoa.

Maskauti walikuwa wanaelekea kwenye gari. Yule mnene alisimama kidogo, akamwambia mwenzake hilo bega halikuwa la namba tisa.

Jicho la kushoto la Ermes halikupona. Machinjioni walimtoa kwenye koleo wakampa kazi ya kuosha sakafu, maana mtu wa jicho moja anakosea umbali, na nguruwe aliyebanwa nusu ni hatari. Giada aliandika ripoti yake, na jaji wa michezo akaisoma. Kocha hakuinua mkono. Benchi lilibaki lake. Loris alifungiwa viwanja vyote na baadaye akapelekwa mahakamani. Mirco alihamia kwa shangazi yake. Timu ya mjini ilipiga simu, wakamtaka kwa Agosti, namba tano, na Ermes alimpa ujumbe kwa maneno machache kama anamwambia mvua itanyesha.

Machi Ermes akarudi mazoezini, jicho limefunikwa kitambaa cheupe. Katikati ya mazoezi akatugeuzia mgongo, vidole mdomoni. Mluzi. Tukaanguka wote, kasoro mmoja.

"Mirco."

"Nasikia, Mista."

"Mbona umesimama?"

"Sikai tena."

"Basi magoli ni yako."

Mirco akayabeba mpaka bandani, akiyakokota kwenye kokoto. Alhamisi mluzi ukalia, akabaki amesimama, na Anas pia. Wakabeba wawili. Wiki iliyofuata walikuwa wengi, na banda likawa na foleni. Wengine walisimama wakiangalia chini, kana kwamba wametukana. Ermes hakubadilisha adhabu na hakuuliza tena kwa nini.

Halafu jioni moja akapiga mluzi na hakuna aliyekaa. Ermes akageuka. Siku hizi lazima azungushe kichwa chote ndipo aone walio kushoto, kwa hiyo alichukua muda kutupitia, mmoja mmoja, mpaka kwangu golini. Akatia mikono mfukoni. Nikadhani amekasirika. Akaitoa.

"Haya," akasema. "Magoli hayajibebi."

Akaenda mwenyewe kushika goli, upande wa kushoto, upande asiouona. Mirco akashika upande wa pili, akawa anamwambia pa kukanyaga.